Makaburi Matatu, Namba Moja

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya makaburi alikuwa na ila moja: hajui kusubiri. Barabara mpya ilipotakiwa kupita kwenye makaburi ya zamani, yeye ndiye aliyehamisha orodha ya marehemu, kila mmoja na namba yake ya tarakimu kumi na saba. Programu aliyoitumia kusomea hifadhidata ilimletea namba hizo kama maandishi, nayo ilikuwa na sababu zake. Yeye akaona inamchelewesha, maana hazikubali kupangika. Akaiamuru izigeuze ziwe namba za kawaida. Haya, zikageuka.

Sasa kompyuta ikizidiwa na namba ndefu hivyo, haipigi kelele, inakadiria tu mwishoni. Iliyoishia na kumi na tano ikawa kumi na sita. Ya kumi na saba nayo ikawa kumi na sita, sawa na ile iliyokuwa kumi na sita tangu awali. Makasha ya masalia yakabandikwa namba kutoka orodha hiyo, yakazikwa upya, na orodha ya zamani ikafutwa. Alipogundua, maji yalikuwa yameshamwagika. Alikesha na orodha ile siku tatu, akitafuta kitu cha kushika, asikipate. Upande wa watoto kulikuwa na makaburi matatu yenye namba moja, na mojawapo lilikuwa la mpwa wake.

Dada yake alirudi safari akiwa na kibao cha saruji chenye jina la mwanawe. Fundi alimfuata hadi makaburini, akamweleza yote njiani. Hakujitetea. Dada alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama mbele ya vile vilima vitatu vidogo, vyote sawasawa.

"Mambo ya kompyuta sitaki," alisema. "Wewe ni mjomba wake. Chagua."

"Dada, sijui. Wallahi sijui."

"Nimekwambia chagua."

Akanyoosha mkono, akaonyesha la katikati, kwa kuwa lilikuwa karibu. Aibu ilimchoma hadi akatamani ardhi ipasuke. Dada akapiga magoti, akachimbia kibao, akaanza kulia kwa sauti ambayo hakuitoa siku ya msiba. Kilio hicho kilimpa nafuu, ilionekana wazi, na fundi akaogopa kupumua.

Hapo akatokea mzee mmoja na karatasi ya ofisi mkononi. Akasalimia kwa adabu, akasema amekuja kumwona mjukuu wake, naye macho hayaoni vizuri, wamsomee namba. Fundi akaipokea. Mwishoni ilikuwa kumi na sita. Akamtazama dada yake, akafungua kinywa ili amwambie mzee ukweli.

Dada alikuwa ameshaiona karatasi. Akajifuta uso kwa kanga, mkono mwingine ukiwa bado juu ya kibao.

"Mwonyeshe la kushoto," alisema.