Fundi Asiyebahatisha

Kaka mmoja alikuwa fundi wa lifti, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Lifti ikikwama na watu ndani, wenzake wakianza kubishana, yeye huyoo anapanda na spana zake, kimya, na muda si muda mlango unafunguka. Cheo cha msimamizi wa mafundi kilikuwa kinamsubiri yeye tu. Kilichomzuia ni mtihani wa kuzungumza Kiingereza, na mara ya kwanza aliangukia pua.

Alionyeshwa picha: mwanamke amesimama kando ya barabara, viatu mkononi, boneti ya gari lake iko juu. Akaulizwa, unadhani kumetokea nini? Fundi akaitazama picha, akamtazama mtahini, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa kwamba hajui, hakuwapo. Akaulizwa tena. Akarudia jibu lilelile, safari hii kwa sauti zaidi, akidhani mzee wa watu hasikii vizuri. Akafeli.

"Kaka, una kichwa kigumu wewe!" dada yake alimwakia aliporudi. Dada huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, tena mwenye mdomo. "Mtu kakuuliza unadhani nini, hajakuuliza umeona nini!"

"Mimi sibahatishi, mdogo wangu. Fundi akibahatisha, watu wanakufa."

Jamani, ubishi huo ulimtoa mwalimu jasho! Alimfundisha kwamba ukiwa na ushahidi wa jambo lililopita unasema *must have*, ukiwa huna hakika *might have*, na likiwa haliwezekani kabisa *can't have*. Fundi alizikariri zote kama namba za simu, kisha akagoma kuzitumia. Mpaka Jumamosi moja friji ya mama yao ikanyamaza. Fundi akachomoa bisibisi mfukoni, dada mtu akaipokonya.

"Mikono nyuma. Sema kwanza, kwa Kiingereza."

Fundi akaguna. Akafungua mlango wa friji, taa ikawaka. Basi haiwezekani kuwa umeme ulikatika, *can't have*. Akatikisa waya. Huenda ulilegea, *might have*. Akainama nyuma, akanusa, na harufu ya kuungua ikampiga puani. "*The motor must have burned*," alisema, yaani mota lazima iliungua, kisha akajishangaa mwenyewe.

"Kumbe unakisia kutwa nzima kichwani!" dada alipiga makofi. "Aliyegoma ni mdomo tu."

"Huko si kukisia, ni kupima."

"Haya, nenda kawapimie."

"Na mkimaliza Kizungu chenu," mama yao alisema kutoka jikoni, "friji yangu anatengeneza nani?"

Siku ya mtihani wa marudio mwalimu aliomba ruhusa kazini, akaja kukaa kwenye benchi la korido. Dirisha la chumba cha mtihani lilikuwa wazi na kila neno lilimfikia. Picha ilikuwa ya jiko lenye dirisha lililovunjika. Fundi akaanza: vioo vimeangukia ndani, kwa hiyo bila shaka kitu kiliingia kutoka nje, huenda ni mpira, huenda ni jiwe, upepo hauwezi kuwa ndio uliofanya, maana mapazia hayajasogea. Mwalimu alivimba kifua. Alitamani kila apitaye korido ile asimame asikilize.

Halafu likaja swali la mwisho. Je, kuna jambo maishani mwako ambalo ungeweza kulifanya tofauti?

"*I could have finished school*," fundi alisema, yaani angeweza kumaliza shule. Akaendelea polepole, neno kwa neno: ada ilikuwepo ya mtoto mmoja. Yeye darasani alikuwa anafanya vizuri, lakini mdogo wake alipenda vitabu kuliko chakula. Basi akawaambia wazazi kwamba shule imemchosha.

Mwalimu alishika ukingo wa benchi. Nyumbani hadithi ilikuwa moja miaka yote, kwamba kaka alikimbia shule. Yeye mwenyewe alimtania hivyo mbele ya wageni, watu wakacheka, na kaka akacheka nao. Jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa Kiswahili, leo amelisema kwa lugha aliyofundishwa na yeye. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

"Kwa hiyo ulipaswa kubaki shule?" mtahini aliuliza. "*Should have?*"

"*No, sir. Could have*. Ningeweza, basi. Mdogo wangu ni mwalimu. Hiki Kiingereza unachokisikia ni chake, na yuko hapo nje."

Mlango ukafunguliwa. Mtahini akachungulia koridoni, kalamu mkononi.

"Wewe ndiye mwalimu wake? Nimetaka nikuone kabla sijamwandikia kwamba amefaulu."

Mwalimu akasimama, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mimi ni mdogo wake," alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani.