Wadudu wa Ziwani Kwenye Filta ya Mihayo

Mimi si mtu wa kusubiri. Chai ikichelewa nanuna. Sasa pata picha mimi, Odeta, fundi cherehani wa Kiseke, nimekaa kiti cha nyuma cha Korola ya mkwe wangu Mihayo, gari linapanda mlima wa Usagara kwa mwendo wa kobe, nyuma moshi mweusi, na huko Sengerema dada yangu Evelina amelazwa akisubiri damu.

Walipiga simu asubuhi. Lazima apasuliwe leo, damu ya kundi lake imeisha, na ndugu waliokuwa karibu wamepimwa wakakosa kulingana naye. Mimi ninalingana naye. Evelina ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanisomesha ushonaji kwa kuuza mihogo. Nikichelewa, ninakwenda kumzika.

"Mama," Mihayo akasema, macho barabarani, "gari linakosa pumzi."

"Na mimi je?" nikamjibu. "Simama uliangalie, usiniambie mimi."

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala kupeana kitu mkononi. Tangu amwoe binti yangu Selina, Mihayo akiniletea samaki huwaweka kizingitini, anarudi nyuma, ndipo ninawachukua. Siku ile hakukuwa na mwingine wa kunipeleka. Nilikuwa nimekaa kona ya kiti, shingo imeelekea dirishani mpaka ikaniuma.

Akafungua boneti. Nikamsikia akiguna, nikachungulia. Alikuwa ameshika filta ya hewa, ile karatasi ya mikunjomikunjo, lakini karatasi yenyewe huioni. Wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaotanda kama moshi, walikuwa wameigandia wakachanganyika na vumbi, nene kama ukoko wa ugali.

"Alfajiri nilikuwa Igombe kupakia dagaa," akasema, amenipa mgongo. "Betri ni dhaifu, nikaacha injini inawaka ili nipate taa ya kuonea. Taa ikawaita, injini ikawavuta."

"Basi itoe tuitupe twende!"

"Bila filta injini itakula vumbi, mama. Ikifa njiani hatufiki kabisa."

Akaigonga kwenye tairi. Vumbi likatoka, wadudu wakabaki. Akachukua dumu la maji, nikapiga kelele: "Usiloweshe! Hiyo ni karatasi, itakuwa uji!" Nina pochi yangu ya kazi siku zote, na ndani kuna brashi laini ya kufutia nyuzi kwenye nguo. Nikaiweka brashi kwenye majani, nikarudi nyuma. Akaiokota. Lakini mikunjo ile inataka mtu wa kuitanua na mwingine wa kusugua, na yeye mikono ni miwili tu. Brashi ikamponyoka, ikamponyoka tena.

Nikaona upuuzi sasa. Nikamfuata, nikaishika filta ile. "Tanua," nikamwambia. Akasita kama mtu anayeambiwa avue nguo. "Mihayo, tanua, dada yangu anakufa."

Akatanua. Nikasugua mkunjo kwa mkunjo, vidole vyetu vikigongana, jasho linatutoka, malori yanatupita na madereva wanatutazama. Mihayo alikuwa anaona aibu. Na mimi pia, ila mimi nilikuwa nakemea ili asijue.

Gari lilipowaka, liliunguruma vizuri. Moshi ukakatika. Tulivuka daraja la Kigongo upepo wa ziwa unaingia madirishani, na hapo nikalia. Nikamshukuru Mungu, kisha nikamwambia Mihayo, "Asante, baba. Asante sana." Akakanyaga mafuta.

Hospitalini nilikimbilia maabara. Wakanitoa damu, wakampeleka Evelina chumba cha upasuaji, nikalala kwenye benchi kichwa kinazunguka. Mihayo sikumwona. Nikasema moyoni, huyu naye ameenda kununua filta mpya, si angeniaga kwanza.

Evelina alizinduka jioni, midomo imekauka, lakini hai. Nilimshika miguu. Muuguzi akaja kumpima, akatuambia, "Mshukuruni na yule kaka. Wakati wa upasuaji chupa moja haikutosha. Tulimpima, akalingana, akatoa palepale."

"Kaka yupi?" Evelina akauliza.

Muuguzi akaonyesha nje. Mihayo alikuwa amesimama barazani, boksi la filta mpya kwapani, pamba imebandikwa mkononi, ametupa mgongo kwa sababu ndani kulikuwa na mama wakwe wawili.

Evelina alimtazama. "Odeta," akasema, "damu yake imo mwilini mwangu. Sasa huyo nimwiteje, mkwe?"

Nikaenda mlangoni, nikamwambia Mihayo aingie. Akainamisha kichwa, akasema hapana, mama, hapa panatosha.

"Ingia, mwanangu," nikasema. "Mama yako anataka kukuona uso."