Kopo la Bluu

Tangu lini Profesa akaumwa? Uprofesa wenyewe ulikuwa jina la utani tu, lakini kwa miaka minne hakuna mwingine aliyegusa chupa za majaribio pale maabara. Msaidizi wake, mwanamke aliyezoea kuitana naye kaka na dada, alisaga majani ya dawa waliyokuwa wakiichunguza. Profesa akachanganya. Kisha dada akatia saini kwenye daftari la matokeo, penye neno "nimeshuhudia", hali alikuwa kwenye sinki kaupa mgongo mchezo wote, anaosha vinu. Kuaminiana raha, jamani!

Asubuhi hiyo Profesa hakuja, na saa tano walitarajiwa wageni wa kiwanda cha dawa. Dada akachanganya mwenyewe. Maji ya zambarau ya kupimia yakikutana na majani yenye uwezo wa kutuliza chembe haribifu za mwilini, hugeuka manjano. Kwa Profesa yaligeuka kufumba na kufumbua. Kwake yalififia kidogo tu, kama ambavyo yangefifia kwa majani yoyote ya kawaida. Akarudia. Akarudia tena. Wapi!

Akampigia simu. "Kaka, nimekosea wapi?"

"Umetia ule unga wa kopo la bluu?"

"Unga gani?"

Profesa akakohoa. "Vitamini C kidogo, dada. Hiyo hugeuza maji manjano yenyewe. Kusukuma mambo tu."

"Na yale majaribio ya kushusha uvimbe, uliyoniambia yamefaulu?"

"Hayo... sijayaanza."

Loo! Akaketi juu ya ndoo. Wageni walikuwa kitu gani? Kilichomkata maini ni mama yake. Miezi mitano mama kaacha vidonge vya hospitali vya maumivu ya viungo, anakunywa maji ya majani yale asubuhi na jioni. Na Profesa alijua! Alikuwa akijaza chupa mwenyewe, na salamu juu: "Mpe mama, mwambie asikose hata siku moja." Mnafiki mkubwa!

Hakuwangoja wageni, akakimbilia nyumbani. Alimkuta mama jikoni, mikono ndani ya beseni la maji ya moto. Mama alipoitoa, vidole vilikuwa vimevimba vikapinda, pete imezama kwenye nyama.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulivyokuwa na furaha na dawa yako."

Binti akaangua kilio, akamwaga yote: kopo, unga, majaribio hewa. "Kanisaliti, mama! Mtu niliyekula naye sahani moja!"

Mama alimwacha amalize. Hakumpa pole.

"Huyo hakuniahidi kitu," alisema taratibu. "Siku ile naogopa kuacha vidonge, nilikuuliza wewe. Ukaniambia umepima kwa mikono yako, umeona kwa macho yako." Akajaribu kusogeza kando kikombe cha maji ya majani, vidole vikakataa kushika. Akamwinulia binti yake uso.

"Uliona, mwanangu?"