Ng'ombe wa Mama

"Ingiza mkono, daktari!"

Baba alinikabidhi sabuni na mafuta ya kupikia mbele ya majirani waliojaa uani kwetu Kibirichia. Ng'ombe wa Mama, aliyeitwa Makena, alikuwa amelala kando ya boma akikoroma kwa uchungu. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa nje, mwingine haujulikani uko wapi. Na daktari mwenyewe ni mimi! Mimi, mwanafunzi wa zoolojia, mwaka wa tatu, ninayesoma vyura wa mlimani.

Nilikuwa nimemweleza Baba tangu siku ya kwanza kwamba zoolojia si udaktari wa mifugo. Akaitikia ndiyo, ndiyo, halafu Jumapili akasimama kanisani kutangaza kwamba nyumba yake yeye, Mzee Kaburu, imepata daktari wa wanyama. Wakapiga makofi, wakaniombea. Tangu hapo akaacha hata kumsalimia Muriithi, daktari wa mifugo pale sokoni. Wa nini tena, na yeye ana wake nyumbani?

"Baba, mwite Muriithi," nikasema.

"Chura ni mnyama, ng'ombe ni mnyama. Fanya kazi!"

"Nitamuua huyu ng'ombe!"

Nikatoa simu. Akaninyang'anya, akaitia mfukoni mwa koti la kanisani alilokuwa amelivaa kwa ajili ya watazamaji.

"Unataka watu wanicheke?" akanong'ona.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu pale. Ng'ombe anakufa, yeye analinda jina! Mficha uchi hazai, wanasema. Baba alificha aibu yake, na Makena ndiye hakuzaa.

Ni Mama aliyetoka mbio na gambuti zake za shamba miguuni, akapanda bodaboda bila kumuaga mtu. Aliporudi na Muriithi, Makena alikuwa ameshatulia, yeye na ndama wake tumboni. Muriithi alimkagua, akanawa mikono.

"Mngeniita asubuhi," akasema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Baba alisimama tena kanisani. "Hata daktari wetu alijaribu, ikashindikana. Ni mapenzi ya Mungu." Nilitoka nje kabla ya amina. Nilijaribu nini? Na Mungu aliingiaje hapo?

Sasa niko mwaka wa mwisho. Wiki jana, nikiwa nyumbani likizoni, jirani yetu Kailemia alibisha hodi.

"Baba Kagwiria, nasikia daktari yuko. Mbuzi wangu amekataa kula."

Baba alikuna kidevu.

"Hapa hakuna daktari," akasema. "Kagwiria anasoma vyura. Enda kwa Muriithi, enda sasa hivi."

Alisema vizuri, tena kwa sauti. Nilingoja hasira initoke, ikakataa kabisa. Mama hakuinua kichwa. Alimmiminia Kailemia kikombe cha chai ya turungi, akamwomba atuvumilie, siku hizi kwetu hakuna maziwa.