Feni Mbili za Malibu ya Nectario

Malibu ilifika gereji kwa Eudo ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la maji. Nerva, mjane wa Nectario, alikuwa kwenye usukani, vioo vyote ameshusha, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri zamu yake benki. Jua la Maracaibo, huko Venezuela, lilikuwa limeshawaka tangu asubuhi. Eudo alikuwa amekaa chini ya bati lake na kikombe cha kahawa mkononi, na alipoliona gari la rafiki yake linakuja bila muungurumo wake, alisimama akavua kofia. Hakujua kama anamvulia mjane au analivulia gari.

"Shemeji," alisema.

"Eudo. Rejeta imetoboka."

"Imetobolewa na nini?"

"Na feni yenyewe. Mbwa aliingia barabarani, nikakanyaga breki, nikasikia kitu kinasaga bati."

"Mbwa yuko hai?"

"Yuko hai. Alinitazama, akaenda zake."

Eudo alifungua boneti. Hakushangaa. Gari lile alilijua kama anavyoijua sebule ya kwake, maana yeye na Nectario ndio waliolitia injini iliyokuwamo. Ile ya asili ilipokufa walipachika nyingine, iliyotoka kwenye lori la mizigo, kubwa kupita kiasi, na siku ilipowaka walikunywa bia mpaka majirani wakalalamika. Ubaya wa injini ile ulikuwa pua yake. Pampu ya maji ilichomoza mbele mno, na feni iliyofungwa kwenye pampu ikabaki imeachana na rejeta kwa unene wa kidole. Raba zinazoshika injini zilipochoka, kila breki kali injini nzima ilisogea mbele, na feni ikawa inairamba rejeta. Nectario alijua. Kila siku alisema ataing'oa feni ile aweke za umeme, na kila alipopata nafasi, gari lilikuwa kwenye foleni ya mafuta.

Kwenye foleni hiyo ndiko mauti yalikomkuta.

Nerva alikuwa amempelekea chakula cha mchana. Alimkuta ameshika mkono wa kushoto, jasho linamtiririka, anaongea kama mtu mwenye ugoro mdomoni. Hapakuwa na gari la kumkimbiza, maana kila gari pale lilikuja kwa sababu moja, tangi tupu, na la kwao lilikuwa linasukumwa kwa mikono tangu alfajiri. Wanaume wa foleni waliisukuma Malibu wakawapita wenzao wote mpaka kwenye pampu ya mafuta, wala hakuna aliyenung'unika. Nerva alijaza, akawasha, akaondoka kwa kasi huku feni ikikwaruza kila alipokanyaga breki. Hospitali waliufungua mlango wa gari, wakamgusa Nectario shingoni, wakaangaliana.

Tangu hapo Nerva hakuhisi kitu. Msibani aliandaa kahawa, akaosha vikombe, akaandaa tena. Watu walingoja alie. Yeye mwenyewe alingoja. Usiku alilala usingizi mzito usio na ndoto na asubuhi akaamka amechoka vilevile, akala kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake. Ilikuwa kama mkono unaoulalia: unauona ni wako, unaubana, haujibu.

"Ukitaka kuliuza, nakutafutia mtu," alisema Eudo.

"Nataka litembee. Nitalipeleka njiani mwenyewe, nibebe abiria wa La Limpia, kama yeye."

"Wewe?"

"Kwani nimekuja na nani kwenye usukani?"

Eudo alikuna kidevu. "Basi tunang'oa hii feni ya chuma. Nina mbili za umeme, nilizitoa kwenye gari dogo la Kijapani lililogonga ukuta. Rejeta nitaichomea leo. Ila nafasi, shemeji. Nafasi ndiyo hakuna."

Na kweli haikuwepo. Feni ya zamani ilipotoka, pua ya pampu bado ilibaki imesimama katikati, puli na mkanda wake vikizunguka karibu kabisa na rejeta. Eudo alishusha feni ya kwanza kwa juu. Mapanga yalipita, lakini mota yake, nene kama kopo la maziwa, ikagonga puli. Akaigeuza. Ikagonga bomba la maji. Akajaribu kuiingiza kwa chini, amelala chali kwenye boksi, akitukana kwa sauti ya upole kama anasali rozari. Nerva alisimama kando akimpa spana kila alipoitaja. Hakuwa na haraka. Angeweza kusimama pale mpaka mwezi uishe.

Mwishowe Eudo aliketi chini akaegemea tairi. "Moja itakaa nyuma ya rejeta, huku upande wa betri, ambako pampu haifiki. Ya pili haikai humu hata ukiombea. Tuipeleke mbele, kati ya rejeta na wavu wa mbele, isukume upepo badala ya kuuvuta."

"Huko mbele kuna honi na chuma cha kufungia boneti."

"Honi zinahama. Chuma tunakikata. Boneti utaifunga kwa mkanda."

"Mkanda gani?"

"Wa suruali. Wangu au wa marehemu, utachagua."

Alisema hivyo kwa mazoea, kama alivyozoea kutaniana na Nectario, kisha akainamisha macho. Nerva alifikiri kidogo. "Wake ni mrefu zaidi," alisema.

Kesho yake asubuhi, wakati Eudo anakata chuma kwa msumeno, Mireya alitokea getini na mwavuli wake. Mireya alikuwa dada wa Nectario, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mnene mwenye mwendo wa kijeshi. Tangu mazishi hakumsalimia wifi yake. Mtu alikuwa amemfikishia habari kwamba kaka yake alipokuwa anakata roho, mkewe alisimama kwanza ajaze mafuta, na maneno yale aliyameza jinsi alivyopewa.

"Nimeambiwa mnalivunja gari la kaka yangu," alisema.

"Tunalitengeneza, Mireya," Eudo alijibu.

"Kwa msumeno?"

"Kwa msumeno, kwa nyundo, kwa kila kitu. Ingia kivulini, utaungua."

Aliingia kivulini lakini hakuketi. Alilizunguka gari lote, akaitazama ile feni ya chuma iliyotupwa chini, mapanga yake yamepinda kwenye ncha. "Hii aliiweka yeye."

"Na alitaka kuitoa yeye," alisema Nerva kutoka kwenye boneti, bila kugeuka.

"Mimi sijasema na wewe, wifi."

"Sawa."

Nerva aliendelea na kazi. Kulikuwa na bolti ya chini kabisa, inayoshika feni ya nyuma, iliyojificha kati ya puli na rejeta mahali ambapo mkono wa Eudo haukuingia hata alipoupaka grisi. Mkono wa Nerva uliingia mpaka kiwiko. Alilitafuta tundu kwa ncha za vidole, akalikosa, akalipata, akaanza kuizungusha nati taratibu, robo kwa robo, huku shavu lake limelala juu ya chuma chenye joto. Alipoutoa mkono, mapezi ya rejeta yalikuwa yameuchana kuanzia kwenye kifundo, na damu ilikuwa inadondoka kwenye bampa.

"Unatoka damu," alisema Mireya.

"Naona."

"Haiumi?"

Nerva aliutazama mkono. Alitaka kujibu kwa ukweli, akachelewa. "Sijui," alisema.

Mireya alisimama akimtazama. Kisha alifungua pochi yake, akatoa kipande cha kitambaa cheupe cha sare, akamfunga kwa nguvu kama anayefunga mzigo, akarudi mahali pake.

Mchana Eudo alivuta nyaya nene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na relei, na swichi ya joto akaikaza kwenye bomba la juu ili feni ziamke zenyewe maji yakipata moto. Aliwasha kwa majaribio. Feni zote mbili zikaunguruma kwa pamoja, bati la gereji likatetemeka, na Eudo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Waliliacha gari liungurume pale pale. Mshale wa joto ukapanda. Ukafika katikati. Ukapita katikati, ukaendelea, na maji yakaanza kufoka kwenye kizibo.

"Zima," alisema Eudo. Tabasamu lilikuwa limeisha. "Sielewi. Upepo upo. Si unausikia?"

Nerva alichukua gazeti lililokuwa juu ya kiti, akalichana vipande viwili. "Ziwashe feni peke yake, bila injini."

Alimpa Mireya kipande kimoja. Mireya alikipokea kabla hajakumbuka kwamba hawaongei. Wakasimama mbele ya gari bega kwa bega, kila mmoja akisogeza karatasi yake kwenye wavu. Ya Nerva, upande wa betri, ikanyonywa ikaganda pale pale. Ya Mireya ikamruka usoni.

"Yangu inanipuliza mimi," alisema Mireya akiiondoa karatasi kwenye miwani.

Eudo alijipiga paji la uso. Feni ya mbele aliifunga jinsi ilivyokuwa kwenye lile gari dogo, ikivuta upepo kutoka kwenye rejeta na kuurudisha barabarani. "Moja inaingiza, nyingine inatoa. Kama ndoa," alisema, na safari hii pia akajuta. Aliichomoa, akageuza mapanga kwenye mhimili wake, akabadilisha nyaya za mota, akairudisha. Mireya aliweka tena karatasi yake. Ikaganda.

"Sasa inataka barabara," alisema Eudo. "Hapa tukisimama tutadanganyana."

Nerva alifunga boneti kwa mkanda wa Nectario na kuingia kwenye usukani. Mlango wa upande wa pili ulifunguka, Mireya akaketi, mwavuli katikati ya magoti.

"Nataka nione," alisema. Hakueleza nini.

Walikwenda mpaka kwenye mzunguko wa barabara ambako magari hubanana mchana kutwa, na huko wakakwama. Joto lilipanda kutoka kwenye lami. Mbele yao basi lilikuwa limeharibika na abiria wake wamekaa ukingoni wakijipepea kwa viatu. Mshale wa Malibu ulianza kupanda. Wanawake wote wawili waliutazama.

"Alisema nini?" Mireya aliuliza, macho bado yako kwenye mshale.

"Lini?"

"Unajua lini."

"Aliniuliza kama nimeleta barafu."

"Ulileta?"

"Nilileta. Ilikuwa imeyeyuka njiani."

Mshale ulifika katikati. Ndani ya boneti kitu kilibofya, taa za dashibodi zikafifia, na feni zikaamka kwa ngurumo moja. Mshale ukatulia, ukasimama, kisha ukaanza kushuka polepole.

"Waliniambia ulisimama ujaze mafuta," alisema Mireya.

"Nilijaza."

"Ndugu yangu anakufa pembeni yako."

"Tangi lilikuwa kavu, wifi. Lilisukumwa mpaka pale kwa mikono ya watu. Bila kujaza tusingetoka kwenye foleni."

Mireya aligeuka. Alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta mshono uliokosewa, na asiupate. "Wiki zote hizi," alisema, "kwa nini hukusema?"

"Sikuwa na nguvu ya kusema. Na sasa pia sina. Nimesema tu kwa kuwa tumekwama."

Mireya alianza kulia. Alilia kwa sauti, bila haya, mabega yakimtikisika, mpaka dereva wa gari la jirani akapandisha kioo chake. Nerva alishika usukani. Alijitafuta ndani aone kama kuna chochote kinachoinuka, na alichokiona ni mshale umeshuka robo, feni zinazima, na basi la mbele linasukumwa pembeni. Aliweka gia.

Walipotoka kwenye mzunguko, mwanamume mwenye gunia la ndizi alipunga mkono. "La Limpia?" aliuliza dirishani.

Nerva hakuwa amepanga kubeba mtu siku ile. Kabla hajajibu, Mireya alijifuta uso kwa kiganja, akasogea katikati ya kiti na kuuvuta mwavuli wake. "Panda," alimwambia yule mtu. "Ila mlango ufunge taratibu, ni wa zamani."

Mireya alikwenda mpaka mwisho wa njia, akarudi, akaenda tena. Kuomba radhi hakuomba, wala Nerva hakungojea. Wiki iliyofuata alianza kumletea mandoca za moto, maandazi ya unga wa mahindi, asubuhi kabla hajaingia njiani, akizipitisha dirishani zimefungwa kwenye karatasi. Wakati mwingine walikula pamoja kimya, wakati mwingine Mireya alizungumza peke yake mpaka abiria wakajaa.

Kuhusu Nerva, watu waliendelea kungoja alie. Aliendesha. Alijifunza mahali pa kupunguza mwendo na mahali ambapo abiria hudanganya wanakoshuka. Mvua zilikuja, zikaisha. Siku moja kijana mwenye kofia nyekundu alishuka akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote, na Nerva akajikuta amesimamisha gari katikati ya barabara, ameshuka, anamfokea kijana wa watu kwa maneno ambayo hakujua kama anayo, mwili mzima unamchoma kama mkono uliolaliwa unapoamka. Kijana aliomba msamaha akakimbia. Magari yalipiga honi nyuma.

Nerva alirudi kwenye usukani, akabaki amekaa. "Tuendelee, dada?" aliuliza mama mmoja kutoka kiti cha nyuma.

"Subiri kidogo," alisema. "Nipeni dakika moja."

Wakampa.