Radhi ya Bwana Ibbotson

Sharti la Nana Hajrija lilikuwa moja tu, na alilitoa kwa simu kutoka Zenica huku akikoroga kahawa yake, kijiko kikisikika kikigonga kingo za kikombe.

"Mjukuu wangu, habari ya masanduku mtajuana wewe na watu wa ndege. Mimi nataka kujua kama umeomba halali kwa watu."

"Nitaomba, Nana."

"Kwa wote?"

"Kwa wote."

"Na yule wa ukutani?"

Nejra Softić aliutupia jicho ukuta wa kitanda chake. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya chumba chake cha Sheffield, Uingereza, kilichokwisha kuvuliwa mapazia na picha kikabaki na uso wa mtu aliyenyoa ndevu. Tasnifu yake ya elimu ya vyuma alikuwa ameitetea na kupita, kazi ilimngoja kwao, na Jumamosi ndiyo siku ya safari. Lililosalia ni kuachana na watu kwa wema. Nalo, kwa jinsi alivyolelewa, halikuwa jambo dogo. Msafiri wa kwao haondoki mpaka amewaendea wote alioishi nao, akawaomba wamhalalishie aliyowakosea, aliyoyajua na asiyoyajua.

"Na yule pia," alisema hatimaye.

"Basi usije ukanikanyagia kizingiti na haki ya mtu mgongoni. Na zile siku za Ramadhani ulizobakisha, umelipa?"

"Naanza kufunga kesho."

"Allah akupokelee. Haya, kahawa yangu inapoa."

Yule wa ukutani alikuwa Bwana Arnold Ibbotson, mzee aliyefiwa na mkewe, aliyestaafu kazi ya kunoa visu kiwandani. Nyumba za mtaa ule zimeshikana mabega tangu juu ya kilima hadi bondeni, hata ukuta wa kitanda cha Nejra ndio uliokuwa ukuta wa kiti cha mzee, na ua wa nyuma walikuwa nao mmoja. Katika majira yake ya kwanza ya kuchipua, Nejra alitaka kutenda wema: akausafisha ua ule, akang'oa magugu, na pamoja na magugu akang'oa shina zima la mmea wenye majani mapana kama masikio ya tembo. Kwao majani ya namna ile huota mtoni bila kupandwa na mtu. Kumbe yalikuwa yale mabua mekundu yenye uchachu, ambayo watu wa Yorkshire huyapikia pai, na aliyeyapanda ni marehemu Bi Maureen Ibbotson, mwaka alioolewa. Mzee aliyakuta mizizi juu kwenye pipa la taka. Nejra alimwambia, "Samahani sana." Mzee akajibu, "Hakuna neno," akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Nejra alianza na wepesi. Profesa Crowther, mwalimu wake, aliposikia kwamba anaombwa radhi, alivua miwani.

"Kuna jambo ninalopaswa kulijua? Zile takwimu za sura ya nne?"

"Ni za kweli, Profesa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ni desturi yetu tu kabla ya safari."

"Ah! Basi hakuna neno," alisema, akavaa miwani yake upya, akampa mkono mara mbili.

Akaja kwa Glenys Hinchliffe, mwenye nyumba wake, aliyekaa nyumba ya pili upande wa bondeni. Huyo alikuwa mwanamke mnene wa mwili na wa huruma, na kila mtu kwake alikuwa kipenzi, hata mkusanya takataka.

"Glenys, nimekuja unisamehe kwa yote niliyokukosea tangu nilipoingia nyumbani mwako."

"Umevunja nini, kipenzi?"

"Sijavunja kitu."

"Ni jiko? Niambie tu, sitakasirika. Ni dari ya bafuni?"

"Vyote vizima. Nataka tu uniambie umenisamehe."

"Nisamehe nini sasa? Hakuna neno! Kaa, nikutilie chai."

"Ahsante, leo siwezi kunywa."

Mkono wa Glenys ulisimama juu ya birika. "Huwezi kunywa chai?"

"Siwezi," alisema Nejra, ambaye hakupenda kuitangaza funga yake. "Halafu nimekuletea birika langu la umeme, na ule mmea wa dirishani. Mimi sitavihitaji tena."

Glenys alivipokea. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamtazama akipanda kilima polepole, uso umemsawajika kwa kiu na kwa kukosa usingizi wa kufunga mizigo.

Siku ile na ya pili yake Nejra aliumaliza mtaa. Akina Hobson aliwapa baiskeli, mchungaji wa kanisa la kona akampa taa ya mezani, mwenye duka la magazeti akampa mablanketi. Kila mlango aliomba radhi, na kila mlango alikataa chai. Nao wote, kana kwamba wamefundishwa na mwalimu mmoja, walimjibu kwamba hakuna neno. Hilo ndilo lililomsumbua. Angewezaje kusamehewa na watu wasiokubali kwamba wana la kusamehe? Hata hivyo alijihesabia kuwa ametimiza wajibu, ukabaki mlango mmoja tu, na mlango huo kila alipoukaribia alikumbuka kwamba ameacha kitu chumbani.

Alhamisi asubuhi watu walianza kuja. Bi Hobson alileta supu. Mchungaji alileta keki ya limau, akauliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kumwombea, "kwa namna isiyomuudhi mtu." Glenys alileta pai ya nyama, akaapa kwamba nyama ameinunua kwa mchinjaji Mwislamu, kisha akakimbia huku amejifunika uso kwa aproni. Nejra alivipanga vyote mezani kwa ajili ya kufuturu, akastaajabu. Miaka yote ile hakujua kwamba Waingereza huaga kwa machozi hivi.

Adhuhuri mlango uligongwa tena. Alipofungua alimkuta Bwana Ibbotson, kofia mkononi, na katika mkono wa pili sahani iliyofunikwa.

"Ni pai ya matofaa," alisema mzee, akiitazama sahani. "Si ya yale mabua. Usije ukadhani nakusimanga."

"Sidhani, Bwana Ibbotson."

"Nimeiunguza pembeni."

"Haidhuru."

Mzee alikohoa. "Nimesikia unapita ukiomba msamaha. Kwangu hukuja."

"Niliogopa."

"Naam. Sasa sikiliza. Yale mabua ya Maureen, nimekusamehe. Nimekusamehe kwa moyo wangu wote. Usiende na mzigo huo. Basi." Macho ya Nejra yalijaa machozi, na mzee alipoyaona alipapasa mwimo wa mlango, kana kwamba ndio bega la binti yule. "Kaza moyo," alisema, akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Nejra alibaki amesimama na pai mikononi, mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Bado hajaiweka mezani, Glenys akaingia.

"Kipenzi, nimezungumza na mpwa wangu. Ana gari. Saa yoyote utakayomwita, atakupeleka hospitali."

"Hospitali nikafanye nini?"

"Usijikaze mbele yangu. Mtaa mzima unajua."

"Unajua nini?"

"Nejra, unagawa vyombo vyako. Unapita nyumba kwa nyumba unaomba msamaha. Umekonda. Na chai! Umekataa kwangu, umekataa kwa akina Hobson, umekataa kwa mchungaji! Mtu mwenye afya yake anakataaje chai?"

"Nimefunga, Glenys."

"Ramadhani si ilikuwa Machi?"

"Nazilipa siku zilizonipita."

Glenys alijikalisha juu ya sanduku, nalo likalalamika. "Kwa hiyo hufi?"

"Jumamosi narudi kwetu kufanya kazi."

Walitazamana. Kisha kicheko kiliwatoka wote wawili kwa pamoja, kicheko cha kushika mbavu, Glenys akipiga paja lake na kusema, "Nitawaambiaje watu? Bi Hobson keshanunua kofia nyeusi ya mazishi!" Wakacheka upya kwa ajili ya kofia.

Lakini Nejra alikuwa wa kwanza kunyamaza. Jicho lake lilikuwa limetua juu ya pai iliyoungua pembeni.

"Bwana Ibbotson amenisamehe," alisema.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Amenisamehe akidhani nakufa."

"We! Nyamaza kimya. Kesho kutwa uko angani. Yule mzee hajamsamehe hata aliyemwuzia gari bovu alipokuwa kijana. Umepata, shika, ondoka!"

Ushauri ule ulikuwa mtamu, na Nejra alitamani kuufuata. Akampigia simu Nana Hajrija, akamweleza kisa chote, na kwa muda mrefu upande wa pili hapakusikika ila kicheko cha bibi kizee kikikata pumzi. Kilipotulia, sauti ilikuwa nyingine.

"Mjukuu wangu, aliyesamehewa ni maiti. Wewe u hai."

"Najua, Nana. Na akikataa mara ya pili?"

"Atakuwa amekataa kwa kweli. Jibu hilo angalau ni lako."

Alasiri ilikuwa imeinama alipotoka uani. Bwana Ibbotson alikuwa amepiga magoti akipanda vitunguu vya msimu wa baridi, na pembeni yake kile kipande cha udongo kilichong'olewa mabua kilikuwa bado kitupu. Hakukipanda kitu tena.

"Bwana Ibbotson, mimi siumwi."

Mzee hakuinua kichwa. "Maureen naye alisema hivyohivyo."

"Siumwi kweli. Chai sinywi kwa sababu nimefunga. Vyombo nagawa kwa sababu watu wa ndege hawataki mzigo mzito. Na msamaha tunaombana kwetu kabla ya safari, hata kama msafiri ana nguvu za farasi."

Mzee aliinuka kwa mafungu, goti kwanza, kiuno baadaye. "Huumwi hata kidogo?"

"Jino moja la nyuma."

"Jino."

"Linanisumbua nikila vitamu."

"Kwa hiyo nimekesha naoka pai, katika umri huu, kwa ajili ya mtu mwenye jino!"

"Ndiyo maana nimekuja kukurudishia."

"Pai?"

"Msamaha. Ulimpa mtu anayekufa. Mimi nitakufa siku yangu ikifika, lakini nadhani si wiki hii. Ukipenda kunipa tena, nipe mimi huyu, mzima. Usipopenda, ni haki yako, na nitakwenda nikijua hivyo."

Mzee aliifuta mikono yake kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. "Unajua kilichonichoma? Si kuyang'oa. Hukujua. Uliniambia samahani kama mtu aliyenikanyaga mguu kwenye basi."

"Nawe ukaniambia hakuna neno."

"Ulitaka nisemeje?"

"Kwamba neno lipo."

"Lilikuwepo," alisema mzee. "Kila asubuhi nilipofungua pazia, lilikuwepo." Akakitazama kile kipande kitupu, kisha akamgeukia. "Hebu niambie. Huko kwenu anayeomba ni msafiri tu? Anayebaki hana makosa?"

"Wote wawili huombana."

"Basi mimi nilikukosea nini?"

Jawabu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Uingereza haikumfundisha vyuma pekee. "Haku..."

"Usithubutu!" alisema mzee. "Unanifuata mpaka uani kunirudishia msamaha wangu, halafu uniambie hakuna neno? Sema."

Nejra alisema. "Kipupwe kilichopita, jioni moja, uligonga ukuta kwa ufagio."

"Uliimba saa nzima."

"Sikuwa nikiimba. Babu yangu alifariki asubuhi ile, na sikupata ndege ya kuwahi maziko. Nilikuwa nikimsomea Yasini. Ulipogonga nilishusha sauti, nikaimalizia chini ya blanketi."

Mzee alishika ukingo wa ukuta, akaketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Njiwa walitua juu ya paa la Glenys, wakaruka tena.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua."

"Kumbe haitoshi kusema hivyo."

"Haitoshi."

Bwana Ibbotson alivua kofia. "Nakuomba unisamehe, Nejra." Hakuwahi kulitaja jina lake kabla ya siku ile, na alilitamka kwa uangalifu, kama mtu abebaye kikombe kilichojaa.

Naye Nejra, aliyeuzunguka mtaa mzima kulitafuta neno lile vinywani mwa wengine, alilitafuta kifuani mwake asilikute karibu. Ilibidi achimbe. Alimwona babu yake, aliuona ufagio, alilisikia joto la pumzi yake mwenyewe chini ya blanketi. Na alipofika chini kabisa alilikuta, zima.

"Nimekusamehe," alisema. "Kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kwa ajili ya babu yangu."

"Nami nimekusamehe. Wewe huyu mzima, na jino lako." Mzee alivaa kofia yake, akapenga kamasi kwa kishindo. "Sasa, hiyo funga yako inaisha lini?"

"Jua likizama."

Mzee alilitazama jua lililokuwa juu ya mabomba ya moshi, kama atazamaye mfanyakazi mvivu. Akaingia ndani, akatoka na viti viwili, kisha sinia na buli lililovishwa koti la sufu alilolifuma marehemu; Nejra naye akaenda kuileta ile pai, na tende na maji ya kufuturu.

"Bado?"

"Bado."

"Chai itakuwa nyeusi kama lami."

"Kwetu ndivyo tunavyopenda kahawa."

"Usinitajie kahawa kwangu."

Jua lilipokwisha kuingia, Nejra alitia tende kinywani kwa bismillahi, akanywa maji, kisha akashika kikombe kwa mikono miwili. Ilikuwa chungu, nzito, na tamu kupita kiasi. Aliimaliza, akasogeza kikombe kijazwe tena. Hapo Bwana Ibbotson alisimama juu ya ndoo yake, akaelekeza uso bondeni, akaita kwa sauti ambayo mtaa haukuisikia tangu alipofiwa.

"Glenys! Waambie watu! Anakunywa!"

Dirisha lilifunguka. "Kikombe cha ngapi?"

"Cha pili!"

"Basi namwambia Bi Hobson airudishe kofia!"