Kiti cha Nyuma Yangu

...na kiboko mwenyewe hana haraka, ametoa masikio mawili na pua kwenye mstari wetu, Zamzam ndiye anamwona vizuri kwa sababu mshika usukani peke yake ndiye anatazama mbele, sisi wanne wenye makasia tumeupa mgongo mwisho wa mbio, basi kila mara namuuliza, ametoka, na Zamzam ananijibu, bado mama, anapiga miayo, na mimi nimelima hapa Kivaa miaka ishirini na miwili, viboko wa bwawa hili wamekula mahindi yangu nikahesabu nikachoka kuhesabu, leo huyu ameona mahindi hayatoshi, amekuja kunikalia kwenye fainali... mashua tatu tumepangwa, walimu wa Kathiani kushoto, wenye maduka wa Kithimani kulia, sisi katikati, na mwenye bendera anaongea na kipaza sauti kwenye mashua yake ya injini, tulieni akina mama, mnyama akitoka tunaanza, nani hajatulia, nimetulia mpaka makalio yamekufa ganzi, halafu anaongeza neno ambalo heri angelimeza, klabu yenye inataka kubadilisha mtu iko na nafasi, bendera ikipanda basi... na hapo hapo Wathome ameanza kunipungia mkono kule ukingoni, rudi, rudi, lete mashua huku, na mimi najifanya natazama ndege. Wathome ni mwalimu wetu wa makasia, fundi wa mitambo ya bwawa, mtu mzuri, ndiye alituombea hii mashua ya ofisi tuitumie msimu mzima, na jana jioni aliniambia polepole, Kalunde, kesho kiti cha pili akae yule msichana wa akiba, Mumo, mama mkwe wako apumzike, kasia lake linaenda peke yake, haliendi na lenu, naliona kutoka huku, wewe ndiye kiongozi, mwambie wewe... nikasema sawa mwalimu, nitamwambia. Sijamwambia. Yuko hapa nyuma yangu, kiti cha pili, nasikia anatafuna kitu, na muda wa kumwambia ni huu ambao kiboko amenipa.

Si kwamba sikujaribu, nilijaribu, alfajiri nilienda kwake na maneno nimeyapanga njiani, mwaitu, mama yangu, umefanya kazi kubwa, sasa uachie watoto, maneno mazuri kabisa, nikamkuta ameshavaa fulana ya klabu, ameipiga pasi ya makaa mpaka namba mbili imeanza kukauka na kupasuka, miaka sitini na moja, kitambaa kichwani, ananipa uji wa wimbi, nikanywa kikombe, nikanywa cha pili, nikasema mwaitu uji wako ni mtamu leo, akaniambia uji ni ule ule, wewe ndiye umekuja na uso wa mtu ameona ng'ombe imekufa, nikacheka, nikasema nimekupitia tu tuandamane... muoga wewe Kalunde, mwanamke wa kunyamazisha mkutano wa mwethya wetu wa kulimiana, watu arobaini, unashindwa na uji. Na Mumo nilimwambia ngoja kando ya maji nitakuita, mpaka saa hii amesimama na Wathome, miaka kumi na tisa, mikono imejaa misuli, amejifunga leso juu ya fulana, na bado anatushangilia, mtoto hana kinyongo hata kidogo, ningekuwa mimi ningekuwa nimenuna... na pale karibu yao ndiyo ile mashua mpya imefunikwa turubai la buluu, ya mshindi wa leo, kwa sababu hii tumekalia inarudi ofisini jioni, Wathome alisema wazi, ofisi inataka mali yake, kwa hivyo tukipata ile ya turubai tuna klabu, tukiikosa tunarudi kutazama maji tu kama mbuzi. Na mimi siwezi kurudi kutazama maji, siwezi, nimeonja. Nani angeniambia, mimi wa jembe, kwamba kuna siku nitaketi juu ya maji na watu wanne tuvute mara moja, na mashua inyanyuke kidogo, iteleze, kimya, na mgongo wote uimbe... mwezi wa pili tulipoanza, bwawa limejaa mvua za El Nino mpaka mlangoni kwa watu, tulianguka majini siku ya kwanza wote watano kabla ya kupiga kasia moja, na wa kwanza kuibuka alikuwa mama mkwe wangu, Munyiva wa Mulwa, mjane, mzee wa kanisa, kitambaa kimeshuka hadi shingoni, anacheka mpaka anakohoa, anauliza mamba ziko wapi zije tuongee, mimi tangu niolewe sikuwa nimewahi kumwona akicheka na mdomo wazi, nilidhani ana meno pungufu, kumbe anayo yote.

Na ile mbio ya kwanza ya mwezi wa tatu, Bwana wangu, nikiikumbuka nataka kuficha uso na nataka kucheka, tulikuwa mbele, mbele kabisa, mita mia mbili zimebaki, na ukipiga makasia unatazama nyuma, unaona wale umewaacha, nikaona Kithimani wamekwama, kasia moja limechomoka kwenye pete yake, mama mmoja anahangaika nalo, na mimi bila kufikiri nikasema basi jameni, tungoje wenzetu, na wote tukainua makasia, hakuna aliyeuliza, hata Zamzam, ambaye ni mtoto wa duka mjini Machakos na hajalima siku moja, kwa sababu katika mwethya ndivyo ilivyo, tunalima shamba la mtu mmoja leo na la mwingine kesho, na ukimaliza mstari wako hukai kivulini, unarudi unamsaidia aliyebaki... walimu wakapita kando yetu wakituangalia kama watu wamerogwa, wakashinda. Wathome alivua kofia akaikalia. Akatuambia, akina mama, hii ni mashindano, hii si mwethya, na mama mkwe wangu akamuuliza, kwani wale walimu walikuwa wanakimbilia nini... Kithimani wakatuletea nyanya kyondo kizima, kikapu kimejaa, tukala wiki mbili, zilikuwa tamu, lakini nyanya si ushindi, na mimi ndiye nilisema tungoje. Mbio ya pili, mwezi wa tano, nikaapa sitangoja mtu, tukaanza vizuri, halafu nikasikia nyuma yangu mwaitu anaguna, mmmh, mguno wa mtu ameumia, nikafikiria ule mgongo wake, mgongo ulinibebea watoto watatu nikienda sokoni, nikapunguza mwendo kidogo, akaguna tena, nikapunguza tena, kila nikipunguza anaguna, tukawa wa mwisho. Na sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo hata mazoezini naenda kwa mwendo wa mgongo wake, mipigo ishirini na sita kwa dakika, kiti changu ndicho kinatoa mwendo, wa nyuma wananifuata, na Wathome anapiga kelele ukingoni ongeza, ongeza, nami najifanya upepo umechukua maneno... kwa hivyo leo ukweli ni huu, nikimwacha hapa nitaenda ishirini na sita na tutashindwa, nikimtoa nitaenda thelathini na tatu na Mumo, labda tushinde, na nirudi nyumbani na mashua ya turubai na ninywe uji wake nikitazama wapi.

Zamzam, ametoka, bado mama, sasa amefunga macho... na Wathome sasa anapunga mikono yote miwili, na nyuma yangu kutafuna kumekwisha, nasikia mama mkwe wangu ameinama mpaka pumzi yake iko kisogoni mwangu, Kalunde, yule anaita nani, nasema anasalimia, anasema, anasalimia na mikono miwili kama mtu anafukuza ndege kwa mtama... Anasema, anataka nitoke, nakuuliza, anataka nitoke, nasema nani amekuambia, anasema hakuna mtu ameniambia, niko na macho, Mumo amevaa namba mbili, inachungulia chini ya leso, naiona kutoka hapa, nauliza tu nimekosa nini. Na sauti yake si ya hasira, ningependa ingekuwa ya hasira. Basi linatoka lenyewe, lile nililolibeba tangu jana, nasema nikitazama magoti yangu, mwaitu, Wathome anasema kasia lako haliendi na letu, linaenda peke yake... Nasikia maji yanagonga ubao. Halafu nasikia kitu sikutegemea, anacheka, anacheka ile ya siku ya kuanguka majini, mashua inatikisika, Kamanthe na Kaluki, wenzetu wa viti viwili vya nyuma yake, wanauliza kuna nini, na anasema, litaendaje na lenu na wewe umelala, mimi natia kasia majini nakungoja, natia nakungoja, msimu mzima nakaa hapa nyuma yako kama mtu anangoja maji ya mfereji. Nasema, na kuguna je, ulikuwa unaguna, mgongo, anasema mgongo gani, nilikuwa nakasirika, kila nikiguna ndio unazidi kulala.

Zamzam, mtoto, niangalie, ni kweli... na Zamzam, ambaye ndiye peke yake katika mashua hii anaona makasia yote manne, anainamisha uso, anashika kamba za usukani kama amekamatwa akiiba sukari, anasema ni kweli mama, kasia la nyanya Munyiva linatangulia kila mara, aliniambia nisiseme, ati wewe unachoka, ukitoka hapa una shamba na watoto, ati usiaibishwe... na mimi, tangu mwezi wa tano namwonea huruma mama huyu na yeye ananionea huruma mimi, tumeburuta mashua nzima kwa huruma, Kamanthe na Kaluki katikati ya adabu zetu wakivuta bure, na huyo Wathome alikuwa anaona sawasawa, kasia moja haliendi na mengine, ila alihesabu nywele nyeupe akadhani ndilo linalochelewa, na mimi pia, na mimi ndiye mkwe wake, namtazama kila siku ya Mungu, isipokuwa hapa, hapa sijawahi kumwona akivuta hata mara moja, anakaa mahali macho yangu hayafiki. Nacheka. Nacheka mpaka machozi, mwenye bendera anasema mstari wa pili tulieni, walimu wanatuangalia tena kama watu wamerogwa, na furaha imenijaa kifuani mpaka sina pa kuweka pumzi, naona haya na naona raha kwa pamoja, na chini ya raha hiyo kuna kitu kingine kinaamka, kitu kigumu, sikijui vizuri, kitu hakikubaliki shambani kwa mtu... nataka kushinda. Nataka ile mashua ya turubai la buluu. Nawapenda walimu, nyanya za Kithimani nilizila, na nataka kuwaacha wote mbali kabisa. Zamzam ananiuliza kwa sauti ndogo, mama, tupige ngapi, nasema thelathini na tatu, na nyuma yangu mtu wa miaka sitini na moja anasema, thelathini na tano, na Zamzam ananitazama mimi, nasema, umemsikia, ni tano. Kiboko yuko pale pale. Bendera iko chini, muda wa kubadilisha mtu bado upo, Wathome bado anapunga, na Mumo nitamwomba msamaha jioni, atavuta msimu ujao kwa kiti changu akitaka... natikisa kichwa kwa nguvu ili mwalimu aone kutoka kule, hapana, nashika kasia, na kisogoni mwangu nasikia pumzi ya mama mkwe wangu, imetulia, haina haraka, inangoja nianze.